Tupeane uzoefu: kifurushi cha vinywaji kwenye meli ya kitalii, ulinunua au uliacha?

Mama Wawili, Kasarani

Habari zenu wapendwa. Mimi na mzee wangu tunafikisha miaka kumi ya ndoa mwezi wa tisa, na tangu 2022 tumekuwa tukiweka kidogo kidogo ili tupande meli ya kitalii kutoka Barcelona, usiku saba. Tiketi ya meli tumemaliza kulipa, viza ya Schengen imetoka, ndege ya kupitia Istanbul tumekata. Kilichobaki ni kifurushi cha vinywaji, yaani unalipa bei moja kwa siku na unakunywa bila kulipia kila glasi, na Ijumaa ofa inakwisha. Hicho ndicho kinaninyima usingizi.

Bei waliyotupa ni dola 75 kwa mtu kwa siku. Juu yake kuna asilimia 18 ya bakshishi, inakuwa dola 88 na nusu. Zidisha kwa siku saba, dola 619 na nusu. Nikipiga kwa shilingi 129, hiyo ni karibu Sh80,000 kwa kichwa kimoja. Huwezi kuchukua siku tatu ukaacha nne, ni safari nzima. Halafu nikasoma sharti lililonifanya nifunge simu na kwenda kukaa nje: mtu mzima mmoja katika kabini akinunua, yule mwingine naye lazima anunue.

Mzee wangu ni mtu wa bia. Mimi pombe sijawahi kuonja, mambo yangu ni soda na kahawa. Kwa hivyo tulipe Sh160,000 ili mmoja wetu anywe bia? Hiyo ni karo ya watoto wote wawili kwa muhula mzima. Lakini pia sitaki afike huko, likizo ya kwanza tangu tuoane, awe anahesabu kila glasi akiniangalia usoni.

Bei za kaunta tulizoona ni bia dola 8.50, kokteli 13, soda karibu dola 4, kahawa ya mashine dola 5, na zote zinaongezewa ile asilimia 18. Naomba waliopanda waniambie: ulikunywa nini hasa, na bili ilikuja ngapi?

Baba Umoja

Hongera kwa miaka kumi, dada. Mimi nilinunua na sijuti.

Nilikuwa nimemtembelea ndugu yangu Florida, tukapanda meli Miami, siku saba za Karibea. Tulinunua miezi mitano kabla, tukakuta dola 62 kwa siku kabla ya bakshishi. Waliongojea kununua wakiwa ndani walilipa zaidi ya hapo. Kwenye kampuni tuliyosafiri nayo, bei ilipanda na kushuka kila baada ya wiki chache, na kabla ya kusafiri unaweza kufuta na kununua upya ikishuka. Kwa hivyo hiyo Ijumaa isikutishe sana, ofa nyingine hufuata.

Siku ya bahari tupu, yaani meli haisimami bandari yoyote, nilikuwa nakunywa hivi: kahawa mbili, maji ya chupa mawili, bia nne tangu mchana hadi usiku, kokteli mbili. Jumla yake kwa bei ya kaunta, pamoja na bakshishi, ni kama dola 91. Siku za kushuka bandarini ilikuwa nusu ya hapo, dola 50 hivi. Tulikuwa na siku tatu za bahari, ukiongeza ile ya kupanda meli maana kaunta hufunguliwa mchana huohuo, zinakuwa nne. Bandari zilikuwa tatu.

Niliporudi binti yangu aliniketisha tukazijumlisha. Bila kifurushi ningelipa dola 514. Kifurushi kilinigharimu 512. Nilikuwa nimewaambia watu wote kwamba nimeokoa pesa nyingi, kumbe ni dola mbili! Bado ningenunua tena, kwa sababu mimi na ndugu yangu tulikuwa hatujaonana miaka tisa, na tulikaa kwenye sitaha mpaka usiku wa manane bila mmoja wetu kuitisha bili. Lakini ujue nilikuwa mnywaji, na bahari ilikuwa nyingi kuliko bandari. Ukitoa moja kati ya hayo mawili, hesabu inavunjika.

Binti wa South C

Assalaam aleikum. Mimi nitasema upande wa wasiotumia kileo, maana mara nyingi tunasahaulika.

Tulikuwa dada watatu, tulipandia Dubai mwezi wa kumi na mbili. Tukanunua kifurushi kisicho na pombe, dola 29 kwa siku kila mmoja, na bakshishi juu. Kina juisi za kukamuliwa, kokteli zisizo na kileo, soda, kahawa za mashine na maji ya chupa. Siku ya kwanza mimi peke yangu nilichukua vitu saba. Kila kitu kina rangi, kina mwavuli, unataka kuonja. Siku ya tatu sukari ilinishinda, kichwa kikaniuma. Kuanzia siku ya tano nilikuwa nachukua kahawa moja na maji, basi. Nilikuwa na daftari ndogo, nikaandika kila kitu: kwa bei ya kaunta nilikunywa vya dola 150 na kidogo, nami nililipa karibu 240. Dada zangu hawakufika hata hapo.

Na tulipaswa kujua mapema kwamba kuna vinywaji vya bure! Pale kwenye ukumbi wa chakula maji yalikuwa bure mchana na usiku, chai bure, kahawa ya kawaida bure, juisi ya asubuhi bure. Unajaza chupa yako unaenda zako. Kwa hivyo Mama Wawili, usilipie kiu. Lipia tu kile ambacho ukumbi wa chakula hautoi.

Chai yao lakini jiandae. Ni kikombe cha maji moto na kijipakiti, na maziwa baridi pembeni. Mtu aliyezoea chai iliyochemka pamoja na maziwa hadi ikabadilika rangi atateseka. Sisi tulibeba majani ya Ketepa.

Baharia Mstaafu, Utawala

Nimezaliwa Likoni, nimefanya kazi kwenye kaunta za meli miaka sita kabla ya kuhamia huku Nairobi. Wacha niwaeleze tulivyoona kutoka upande ule mwingine.

Kwanza masharti, kwa sababu ndiyo yanayoumiza watu. Kadi yako ya kabini ndiyo kila kitu, picha yako hutokea kwenye mashine yetu. Tulikuwa tunatoa kinywaji kimoja kwa kadi moja, na ukirudi dakika hiyohiyo kutaka kingine, unasubiri. Kumnunulia mwenzako kwa kadi yako ni kosa, na mtu akirudia tulikuwa na amri ya kumwita msimamizi. Usidhani mtanunua kimoja mgawane. Kampuni nyingine zina kikomo pia: Carnival hawapiti vileo 15 kwa saa 24. Kuna pia kikomo cha bei, yaani kinywaji kikizidi kiasi fulani unalipa tofauti. Na kwenye meli nilizofanyia kazi, vile vilivyomo kwenye friji ya kabini havikuwa ndani ya kifurushi. Hapo nimeona watu wazima wakilia siku ya kushuka.

Pili, hilo la mke na mume wa kabini moja. Lipo kweli, na sababu yake ni hiyohiyo ya kugawana. Lakini dada, piga simu. Usiamini mtandao peke yake. Kampuni kadhaa, ukiwaeleza kwamba mmoja hatumii kileo, humruhusu achukue kile cha vinywaji baridi badala ya kile kikubwa. Mtandao haukuonyeshi njia hiyo, ni mtu wa simu anayeifungua. Wakikubali, waombe waandike kwa barua pepe.

Tatu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Angalia ratiba yako kabla ya kuangalia bei. Meli za Barcelona za siku saba ni za bandari, karibu kila siku mnaamka mahali papya. Mkifika Civitavecchia mtataka kuiona Roma, na Roma iko kilomita 80 hivi kutoka gatini. Mnatoka asubuhi, mnarudi jioni miguu imechoka. Napoli mtataka kuona Pompeii, yale magofu ya mji wa kale. Mchana wote huo kifurushi kinalala kabini huku nyinyi mnanunua maji na kahawa mjini. Mzee atabaki na saa za jioni tu. Sasa chukua bia ya dola 8.50, weka bakshishi, ni dola 10. Ili arudishe dola 88 na nusu anahitaji bia karibu tisa kila siku. Mkilipa wawili na wewe hunywi, karibu kumi na nane, toa soda na kahawa zako. Kila siku, kwa siku saba, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa anapolala.

Nilikuwa nawatazama wateja. Siku mbili za kwanza kaunta ina foleni, watu wanaitisha majina ya vinywaji wasiyoyajua. Ikifika siku ya nne, watu walewale wanakuja polepole wanaomba maji na kipande cha limau. Miili imechoka, ila pesa imeshalipwa kwa siku saba.

Jambo la mwisho: Royal Caribbean na Carnival huruhusu kila mtu mzima kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750 siku ya kwanza, na wao si peke yao. Uliza yenu.

Mzee wa Zimmerman

Nyongeza fupi. Bili ya meli yetu ilikuja kwa dola na kukatwa kwenye kadi, na benki ikaongeza ada yake ya kubadilisha pesa. Jioni ya kwanza nenda kaunta ya huduma uwaulize jinsi ya kuangalia bili yako kila siku. Sisi tulingoja mpaka usiku wa mwisho na tukakuta kokteli mbili ambazo hazikuwa zetu. Walizifuta, lakini tulipanga foleni saa nzima.

Mke wa Ruiru

Nimesoma yote na nimesita kuandika. Wacha niandike kwa sababu ya hapo Mama Wawili aliposema hataki mumewe ahesabu glasi.

Mume wangu alikuwa amepunguza pombe kwa miezi saba. Hakuacha kabisa, alipunguza, na nyumba yetu ilikuwa imetulia. Tulipopanga safari ndiye aliyesema tununue kifurushi ili tusisumbuke na bili, nami nikakubali kwa nia njema. Siku ya pili mezani akasema, "Tumeshalipa, tukikaa hivi tunawaachia pesa zetu." Nilisikia neno hilo kila siku. Asubuhi alikuwa anaanza na glasi ya mvinyo wenye mapovu kwa sababu imo kwenye bei. Kama si kifurushi, asingewaza pombe saa tatu asubuhi. Marseille sikushuka naye, alikuwa amelala. Genoa nilizunguka na wanandoa wengine wa Kiafrika tuliokutana nao kwenye lifti.

Tulirudi nyumbani na ilimchukua muda mrefu kufika tena pale alipokuwa. Leo anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Sijaandika haya kumlaumu, na hajakataa niyaandike. Lakini kabla ya kupiga hesabu ya dola, mjuane kwanza nyumbani. Kuna mtu ambaye "umeshalipa" ni neno la hatari kwake.

Baba Umoja

Pole sana mama. Asante kwa kusema. Mimi hilo sikuliwaza hata kidogo nilipoandika.

Mama Wawili, Kasarani

Nimerudi. Mama wa Ruiru, nimekusoma mara mbili, halafu nikampa mzee simu asome mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha tukaongea mpaka saa sita usiku, mazungumzo ambayo hatujawahi kuwa nayo kuhusu bia zake. Asante sana.

Leo asubuhi nilipiga simu kama Baharia alivyosema. Ni kweli! Yule dada wa simu alisema mzee anaweza kuchukua kile kikubwa na mimi nichukue cha vinywaji baridi, ingawa kwenye mtandao wao hakuna mahali pa kubonyeza hivyo. Lakini tulipoweka ratiba mezani, tuna siku moja tu ya bahari tupu. Nikamuuliza mzee, ukiwa na raha zako, jioni unakunywa ngapi? Akasema tatu. Tukapiga bia tatu, soda mbili zangu na kahawa moja, pamoja na bakshishi: dola 45 hivi kwa siku kwa sisi wote wawili, 318 kwa safari nzima, yaani Sh41,000. Na siku nyingine hatutafika hapo.

Kwa hivyo hatununui. Tumetenga hizo elfu arobaini na moja peke yake, na mzee amesema yeye ndiye atakayeangalia bili kila jioni kaunta ya huduma, mimi nisiulize. Iliyobaki, sehemu yake inaenda kwa treni ya kwenda Roma na kuingia Pompeii.

Binti wa South C, majani ya chai mlibeba kiasi gani?

Binti wa South C

Gramu 250, tulitumia dada watatu na yakabaki. Beba na tangawizi ya unga. Maziwa omba asubuhi kwenye kaunta ya kahawa, mwambie akupashie moto kwenye kijagi. Wa kwetu hakukataa hata siku moja.