Naomba ushauri: kisa cha Mkwawa kianzie wapi?

Wakuu, nina mswada wa kisa cha kweli cha Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Nikifuata tarehe, vita vya Lugalo (17 Agosti 1891) vinawaka mapema mno. Kalenga, ngome yake, ikishaanguka Oktoba 1894, karibu miaka minne ya msituni hadi kifo chake inalegea, maana matukio yanajirudia: kuviziana, kukimbia, njaa. Nikianzia fuvu lake kurudishwa Kalenga 1954, msomaji anajua mwisho, ila anabaki na swali zito: lilifikaje Bremen, Ujerumani? Naegemea huko, kurasa mbili tu, kisha turudi 1891.

Kinachonisumbua zaidi ni ushahidi. Taarifa za maofisa wa Kijerumani zina tarehe, simulizi za wazee wa Iringa nyingi hazina. Nizichanganye ndani ya sura moja, au kila upande upewe sura yake? Mazungumzo ya kubuni ya kuziba pengo sitaki kabisa.