E2/E2 na trigliseridi 6.1: je, jeni peke yake inatosha kuwa sababu?

KaratasiYaMajibu
Wakuu, naomba tuchambue majibu haya. Mgonjwa alifunga kula kwa muda wa saa 12. Kolesteroli yote 8.4, trigliseridi (mafuta ya damu) 6.1, HDL ("kolesteroli nzuri") 1.0, zote kwa milimoli kwa lita. LDL ("kolesteroli mbaya") imechapwa 4.6. Kipimo cha APOE, jeni ya protini apoE inayosaidia ini kumeza chembe za mafuta, kimetoka E2/E2, yaani nakala zote mbili ni aina ya E2. Ninavyojua, wenye E2 kwa kawaida LDL yao huwa chini. Inakuwaje protini hiyohiyo imshushie mmoja kolesteroli na kumpandishia mwingine kila kitu? Na je, naweza kuandika "sababu: E2/E2" nikaishia hapo?

Seli_ya_Ini
Usiishie hapo, mkuu. Kwanza hiyo LDL ya 4.6 ifute. Haikupimwa, imekokotolewa: 8.4 toa 1.0, toa 6.1 iliyogawanywa kwa 2.2. Kanuni hiyo haifai trigliseridi zikipita 4.5, na kwa ugonjwa wa E2/E2 hupotosha hata chini ya hapo, kwa sababu huchukulia kwamba VLDL (chembe za mafuta zinazotoka kwenye ini) ina uwiano wa kawaida wa trigliseridi na kolesteroli. Masalia (mabaki ya chembe za mafuta zilizokwisha kupunguziwa trigliseridi) ya mgonjwa wa aina hii yamesheheni kolesteroli, na ile inayozidi kanuni inaihesabu kuwa LDL.

Sasa protini yenyewe. ApoE ina asidi amino 299, na aina zake tatu kuu zinatofautiana mahali pawili tu, 112 na 158. E3 ina sisteini pa kwanza na arijinini pa pili. E4 ina arijinini pote pawili, E2 sisteini pote pawili. Arijinini ya 158 ikikosekana, sehemu inayoshika kipokezi cha LDL hupinda umbo, na nguvu ya kushika hubaki chini ya 2% ya ile ya E3. Masalia ya kilomikroni (chembe zinazobeba mafuta ya chakula) na VLDL yanachelewa kuingia kwenye ini.

Lakini ini lina mlango wa pili: minyororo ya heparani salfeti iliyo juu ya seli zake. E2 bado hupita hapo vya kutosha, ndiyo maana wengi wenye E2/E2 hawaugui kamwe. Kwao VLDL chache hugeuzwa LDL, vipokezi vya LDL huongezeka, LDL inashuka. Hilo ndilo ulilosoma. Mzigo ukizidi uwezo wa mlango huo wa pili, masalia hurundikana, na hapo kolesteroli na trigliseridi hupanda pamoja.

Kwa hiyo tafuta kilichoongeza mzigo: kisukari kisichodhibitiwa, unene, pombe, figo zinazovujisha protini, thairoidi iliyolegea. TSH (homoni inayoonyesha kazi ya thairoidi) ipimwe mapema kabisa. Thairoidi ikilegea, vipokezi vya LDL hupungua, na kuitibu peke yake kunaweza kushusha namba hizi sana.

Bomba_la_EDTA
Naongeza: pima apoB, protini ya chembe za mafuta. Kila chembe ya VLDL, ya masalia na ya LDL hubeba apoB moja tu, kwa hiyo inakuhesabia chembe. Kagua pia viganja: mistari ya njano kwenye mikunjo ya kiganja ni dalili nzito ya ugonjwa huu.

KaratasiYaMajibu
ApoB ni 0.95 gramu kwa lita. Viganja vitakaguliwa. Je, kuna haja ya kupima jeni nyingine zinazohusu trigliseridi, APOA5 na APOC3?

Bomba_la_EDTA
Gawanya kwa apoB, ulinganishe na mipaka ya kutambua ugonjwa huu: kolesteroli 8.4 kwa 0.95 ni 8.8, imepita 6.2. Trigliseridi 6.1 kwa 0.95 ni 6.4, iko chini ya 10. ApoB yenyewe iko chini ya 1.2. Masharti yote matatu yametimia: chembe si nyingi, ila kila moja imejaa kupita kiasi. Hayo ni masalia. Zingekuwa LDL, apoB ingekuwa juu zaidi.

Seli_ya_Ini
APOA5 na APOC3 hazitabadilisha matibabu hapa. Nakala moja ya herufi C kwenye nafasi ya -1131 ya APOA5 huongeza trigliseridi kwa takriban 16%, kwa hiyo inachangia tu. APOC3 inafundisha zaidi. Protini yake, apoC3, huzuia lipoprotini lipesi (kimeng'enya kinachovunja trigliseridi) na huchelewesha ini kumeza masalia. Wenye badiliko la R19X, lililoripotiwa mwaka 2008 kwa Waamishi wa Lancaster, Marekani, hutengeneza nusu tu ya apoC3 na trigliseridi zao ziko chini. Tafiti za 2014 zilionyesha kuwa wenye mabadiliko yanayoizima jeni hiyo wana trigliseridi na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo pungufu kwa takriban 40%.

Fibreti (dawa za kushusha trigliseridi) hupunguza utengenezaji wa apoC3, na mgonjwa wa masalia huitikia vizuri. Ikiongezwa kwenye statini (dawa ya kushusha kolesteroli), iwe fenofibreti. Jemfibrozili, fibreti nyingine, huzuia statini isiondolewe mwilini, misuli ikaharibika.

Jambo la mwisho: ukikutana na uwiano kama huu lakini APOE imetoka E3/E3, usiufute ugonjwa. Kipimo cha kawaida husoma 112 na 158 tu. Kuna mabadiliko adimu ya APOE, kama lile la 136, ambayo nakala moja tu inaweza kuleta hali hiihii, na hayo huonekana jeni nzima ikisomwa.