Gari imetoka kwenye jeki nikifungua nati, hendbreki nilivuta, nilikosea wapi?

dada_usukani
Habari zenu wandugu, naombeni msaada maana mpaka sasa nikikumbuka mwili unasisimka. Juzi usiku natoka safari na wanangu wawili, tuko barabara kuu, mara usukani ukaanza kunivuta upande mmoja na huku chini nasikia pa pa pa pa kama mtu anapiga makofi, kushuka kuangalia kumbe tairi la mbele halina upepo kabisa. Nilisimama palepale ukingoni, kuna kamteremko kidogo ila kwa lile giza sikukaona. Nikavuta hendbreki, nikaweka gia ya P (ile ya kuegesha), nikapiga jeki mpaka tairi likanyanyuka ndo nikaanza kufungua nati. Jamani zile nati zilikuwa ngumu, nikasukuma spana kwa mikono nikashindwa, nikakanyaga kwa mguu, na nilivyokanyaga tu gari ikatikisika ikasogea kama nusu hatua na jeki ikalala. Bahati tairi bovu lilikuwa bado halijatoka kwa hiyo gari ikaangukia juu yake, ila watoto walikuwa ndani na mimi goti langu lilikuwa pale pembeni kabisa. Swali langu, kama hendbreki nimevuta na gia iko P, gari ilisogeaje? Na mtu ambaye sina nguvu nyingi natakiwa nifanyeje siku nyingine?

fundi_mzee
Pole sana mwanangu, na mshukuru Mungu hukuwa umeingiza mkono chini. Hukufanya uzembe, ni kitu ambacho wengi hatukuelezwa tulipofundishwa kuendesha. Sikiliza. Gari nyingi ndogo hendbreki inashika matairi ya nyuma peke yake, na kama injini inasukuma matairi ya mbele basi ile P nayo inashikia huku mbele, kupitia difu, yaani ile mitambo ya gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili. Sasa difu kazi yake ni kuruhusu tairi moja lizunguke tofauti na mwenzake. Ukinyanyua tairi moja la mbele, lile la hewani lina uhuru wa kuzunguka kinyume na la chini, kwa hiyo P inakuwa haishiki tena kitu, unabaki na hendbreki tu, na kama kebo yake imelegea ndo hayo. Halafu wewe ukaja ukakanyaga spana tairi likiwa linaning'inia, nguvu yako ikapita kwenye difu ikaenda kulizungusha tairi la upande wa pili lililo chini. Yaani ulikuwa unasukuma gari bila kujua.

Ndo maana nati zinalegezwa gari ikiwa bado imekaa chini na miguu yote minne. Usizitoe, zilegeze nusu mzunguko tu kila moja, tena kabla hujagusa jeki. Na kwa habari ya nguvu, ivalishe spana mpaka mwisho kwenye nati, mkono wake uelekee kushoto kwako na ulale sawa na ardhi, shika bodi ya gari usije ukaanguka, kisha bonyeza kwa unyayo taratibu, uzito wako utafanya kazi. Usirukeruke, spana ikichomoka inavunja kifundo cha mguu na nati inaliwa kona.

Kingine ni kabari. Tairi la mshazari na lile unalobadilisha, kama bovu ni la mbele kulia basi nyuma kushoto, liwekee jiwe zito au gogo mbele na nyuma. Jeki iwekwe pale penye alama kwenye kingo ya chini ya bodi, kuna vijinafasi viwili hivi utaviona nyuma kidogo ya tairi la mbele na mbele kidogo ya tairi la nyuma. Udongo ukiwa laini tanguliza ubao. Ukishapiga jeki ingiza spea chini ya bodi karibu na jeki, ilaze, na ukichomoa tairi bovu ndo unabadilishana, hilo linalala chini na spea inapanda. Jeki ikitoka gari inaangukia tairi, haikuangukii wewe. Na usiingize mwili chini ya gari iliyoshikwa na jeki pekee, hata kama nati imebingirika huko, ivute kwa kijiti.

Wakati wa kurudisha, kaza nati kwa mkono kwanza, shusha gari, kisha kaza na spana kwa kuvuka, ukimaliza ya juu nenda ya chini ng'ambo, usifuate duara. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100 simama uzikaze tena.

dereva_masafa
Fundi kamaliza upande wa jeki ila mi naomba niseme kuhusu kusimama, maana miaka yote niko barabarani na watu niliowaona wameumia kwenye pancha wengi waligongwa na gari nyingine, jeki haikuwa na kosa. Dada usisimame palepale. Tairi likiisha upepo washa hazadi (zile taa za tahadhari), endelea polepole sana hata kama rimu inasaga, tafuta sehemu tambarare, ngumu, iliyonyooka, inayoonekana kwa mbali. Rimu inanunuliwa. Kwenye kona au ukishavuka tu kilima ndo pabaya kuliko pote, anayekuja nyuma anakukuta ghafla.

Na likipasuka kabisa kwenye mwendo, paaa, usikanyage breki. Najua mguu unataka kwenda huko wenyewe ila uzuie. Shika usukani mikono miwili uunyooshe, toa mguu kwenye mafuta kidogo kidogo uiache gari ipungue yenyewe, ikishakuwa taratibu ndo uchepuke pembeni. La mbele likipasuka usukani unavutwa, la nyuma linafanya mkia uyumbe, dawa ni hiyohiyo.

Kuhusu watoto, watoe wote kwa mlango wa upande usiopita magari, wakae mbali na lami, ng'ambo ya kingo za chuma kama zipo, na wasogee kurudi kule magari yanakotokea, sio mbele ya gari lenu, kwa sababu likigongwa kwa nyuma linarushwa mbele. Pembetatu ya tahadhari ipeleke mbali, hatua 50 na zaidi, kwenye barabara ya mwendo mkali ongeza mara mbili, na ukienda kuiweka tembea pembeni ya barabara ukiwa unayatazama magari. Kingine watu hawakifikirii, ukisimama nyuma ya gari kutafuta spana kwenye buti unaziba taa, na gari nyingine mlango wa buti ukiwa wazi hazadi hazionekani. Toa vitu, funga, ondoka hapo.

Kama tairi bovu ni la upande wa magari na hamna nafasi, usibadilishe. Kaa mbali upige simu uombe msaada.

kijana_mpya
Asanteni sana nimejifunza kitu. Naomba kuongezea swali, je ukinasa kwenye matope? Mi wiki iliyopita nilikanyaga mafuta weee tairi likazidi kuzama, jamaa wakaja kunivuta na kamba

dereva_masafa
Ukishaona tairi linazunguka na gari haitembei toa mguu hapohapo kaka. Kila mzunguko unachimba. Na difu ya kawaida ikiwa tairi moja limesimama, dashibodi ikikuonyesha 50 basi lile linaloteleza linaenda 100, linaweza kuchemka mpaka likapasuka na mtu amelisogelea. Shuka, chota tope lililoko mbele ya matairi, nyoosha usukani, punguza upepo kidogo tairi litambae kwa upana (ukitoka ujaze kabla hujakimbia), tia matawi au kapeti za miguuni chini ya matairi yanayosukuma. Kama gari ni ya gia za mkono anzia gia ya pili, achia klachi polepole. Wanaosukuma wasikae usawa wa tairi, kapeti inatoka pale kwa kasi. Na hakikisha ekzosi haijazibwa na tope, moshi ukirudi ndani una gesi isiyo na harufu ya kukushtua na inaua.

Kamba sasa. Usifunge kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia trela, ikikatika inaruka kama risasi. Funga kwenye ndoano ya kuvutia ya gari yenyewe, nyingi inafungwa kwa kuzungushwa kwenye tundu la bampa na huwa imewekwa pamoja na jeki. Tupia blanketi au koti zito katikati ya kamba, na watazamaji wote wasogee mbali zaidi ya urefu wa kamba. Hakuna kuruka kamba ikiwa imekazwa.

dada_usukani
Mungu awabariki, nimesoma kila neno. Leo jioni nimeamua kufanya mazoezi nyumbani kwenye sakafu iliyo sawa. Nimepima upepo wa spea, ile nyembamba, ubavuni imeandikwa 60 psi (kipimo cha upepo) na isizidi kilomita 80 kwa saa, yangu ina 18! Ningeifunga usiku ule sijui ningefika wapi. Nimeweka mawe nyuma nimelegeza nati nne kwa unyayo kama fundi ulivyosema, zimekubali kabisa. Ila ya tano ina umbo la ajabu, kama ua, spana haiingii

fundi_mzee
Hiyo ni nati ya kuzuia wizi mwanangu, ina kichwa chake maalumu cha kuifungulia, kidogo kama kikombe, unakivalisha spana. Kitafute kwenye kidroo cha mbele ya abiria, au inua kapeti ya buti uangalie katikati ya spea, mara nyingi huwa humo kwenye mfuko wa jeki. Ukikikosa usiigonge nati na patasi, wapelekee mafundi wa matairi waitoe wakuwekee ya kawaida, wakati gari ingali nzima. Na spea uijaze siku hiyohiyo.

dada_usukani
Nimekipata! Kilikuwa ndani ya kiboksi cha miwani.