Yule Bwana wa Kadi Ametudhalilisha Tena: Washington ya Sita, Dallas ya Kwanza!

RibaundiMbili (Silver Spring, Maryland)

Wakuu, naandika huku mikono ikinitetemeka, kwa sababu kadi ile ya namba sita haijaniondoka machoni. Yule Bwana sina haja ya kumtaja, mnamjua. Jioni hii mmemwona pale Chicago, kwenye bahati nasibu ya NBA, ile inayopanga ni timu ipi ya kikapu itangulie kuchagua wachezaji wapya, na suti yake iliyonyooka, akifungua bahasha moja baada ya nyingine kuanzia namba 14 kwa upole wa kutia shaka, hadi akafika namba sita, akaitoa kadi, akaigeuza, na kumbe ni nembo ya Washington. Hakupepesa jicho. Hakukohoa. Hata pole hakusema.

Timu iliyoshinda michezo 18 na kupoteza 64, iliyopoteza michezo 16 mfululizo mara mbili ndani ya msimu mmoja, ambayo haijafikisha ushindi wa michezo 50 tangu msimu wa 1978-79, imeambiwa ikae pembeni hadi wengine watano wamalize kuchagua. Na nafasi ya kwanza, nafasi ya Cooper Flagg wa Chuo Kikuu cha Duke, kijana ambaye sisi tumemngoja mwaka mzima huku tukifungwa kwa subira na adabu, imekwenda wapi? Imekwenda Dallas! Dallas waliocheza fainali mwezi Juni mwaka jana! Dallas waliokuwa na asilimia 1.8!

Mnafahamu inavyokwenda. Ile mipira 14 ya tenisi ya meza hutoa michanganyiko 1,001 ya namba nne nne, mmoja huwekwa kando, na 1,000 hugawiwa timu 14 zilizokosa mtoano, mbovu zaidi zikipewa mingi zaidi. Washington tulikuwa na michanganyiko 140. Dallas walikuwa na 18. Kumi na minane, wakuu, idadi ambayo hata abiria wa daladala moja wanaizidi.

Halafu mniambie nisikasirike. Mwezi Februari hawa hawa walimtoa Luka Dončić akiwa na miaka 25, wakampeleka Los Angeles usiku wa manane, wakapokea Anthony Davis, Max Christie na nafasi moja ya kuchagua ya mwaka 2029, biashara ambayo mtoto wa darasa la nne angeikataa mpaka aongezewe kitu. Mashabiki wao wenyewe waliandamana nje ya uwanja. Siku ile nilisema hapa kuna deni ambalo mtu atalipwa kwa mlango wa nyuma. Miezi mitatu na siku chache tu, na deni limelipwa mbele ya kamera.

Ushahidi sina, na siuhitaji. Nilimwona alivyoigeuza ile kadi ya namba sita. Mtu asiyejua kilichomo ndani ya bahasha haigeuzi kadi kwa utulivu wa namna ile. Naomba kila mwenye macho aitazame tena video, asimamishe hapo anapoishika kadi kwa vidole viwili, kisha aje aniambie kwamba huyo ni mtu anayeshangaa.

KitabuChaHesabu (Dodoma)

Ndugu yangu, pole kwa msiba, lakini hesabu haina huruma. Tangu mwaka 2019 ligi iliushusha uwezekano wa timu mbovu kuliko zote kupata nafasi ya kwanza kutoka asilimia 25 hadi 14, tena kwa makusudi, ili timu ziache kufungwa kwa hiari. Utah, Washington na Charlotte zote zilikuwa na asilimia 14, jumla 42. Maana yake ni kwamba kabla mpira wa kwanza haujatoka, kulikuwa na asilimia 58 kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayoongoza. Uwezekano wa Washington kuangukia namba sita ulikuwa asilimia 20, mara 11 zaidi ya ule wa Dallas kushinda. Wewe ulikuwa ukiliendea jambo hili tangu msimu ulipoanza Oktoba.

Tena Yule Bwana unayemlaumu hachagui chochote. Mipira huzungushwa kabla ya matangazo, katika chumba kilichofungwa, mbele ya waandishi wa habari, wawakilishi wa timu na mkaguzi kutoka Ernst & Young, na wote waliomo hukabidhi simu zao. Yeye hupewa bahasha tu.

RibaundiMbili

Mkuu, hebu soma ulichoandika mwenyewe. Chumba kimefungwa, simu zimechukuliwa, na matokeo yamekwishajulikana kabla sisi hatujaketi kutazama. Wewe umekuja kunipinga au kunisaidia? Kama mipira ni safi, izungushwe mbele yetu sote, na mimi nione kwa macho yangu namba zikininyima. Badala yake nimeoneshwa kadi. Kadi ya namba sita. Kwa vidole viwili.

BahashaBaridi (Minneapolis)

Vijana, mnaanza hadithi katikati. Bahati nasibu hii ilifanyika kwa mara ya kwanza tarehe 12 Mei 1985, hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, timu saba, bahasha saba ndani ya tufe la plastiki. Mchezaji aliyegombewa alikuwa Patrick Ewing. Aliyempata, bila shaka, ni New York. Miaka yote hii watu wanabishana kama bahasha ile iligandishwa kwenye friza ili mkono uitambue kwa ubaridi, au kona yake ilikunjwa ilipogongwa ukingoni ikitumbukizwa. Sasa tazameni tarehe ya leo: 12 Mei 2025. Miaka 40 kamili, hakuna siku iliyozidi wala kupungua. Hawa watu wanasherehekea maadhimisho mbele yetu.

Mwaka 1993 Orlando walikuwa na mpira mmoja kati ya 66, wakashinda, mwaka mmoja tu baada ya kumpata Shaquille O'Neal kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 2003 LeBron James, mzaliwa wa Akron, akaangukia Cleveland, mwendo mfupi kutoka kwao. Mwaka 2008 Chicago wakampata Derrick Rose, mtoto wa Chicago, kwa asilimia 1.7.

Lakini mimi safari hii simshuku Yule Bwana wenu. Mimi namshuku Anthony Davis. Mwaka 2012 timu ya New Orleans ilikuwa imetoka kuuzwa na ligi yenyewe, ikapata nafasi ya kwanza, ikamchukua Davis. Mwaka 2019 Davis akataka kuhama, New Orleans hiyo hiyo, kwa asilimia 6, ikapata nafasi ya kwanza na kumchukua Zion Williamson. Mwaka huu Davis kahamia Dallas, na mmeona. Mtu huyu anatembea na nafasi ya kwanza mfukoni. Washington mngemsajili hata akiwa na magongo.

KitabuChaHesabu

Mzee Bahasha, wewe unahesabu zinazokubali na kuzificha zinazokataa. Mwaka 2019 hao hao New York walikuwa timu mbovu kuliko zote, wana asilimia 14, na Zion ndiye mchezaji aliyetafutwa na kila mwenye televisheni. Wakapata namba tatu. Mwaka 2007 Boston, timu yenye jina kubwa kuliko karibu zote, walikuwa wa pili kutoka mkiani, wakawakosa Greg Oden na Kevin Durant wote wawili, wakatupwa namba tano. Ni njama gani hii inayosahau kuwafaidi New York na Boston, halafu inakumbuka New Orleans?

BahashaBaridi

Njama yenye akili lazima ikose mara moja moja, la sivyo hata wewe ungeigundua.

ShangaziSaltLake (Salt Lake City)

Wanangu, nimesoma machozi ya Washington nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta. Wabovu kuliko wote ni sisi Utah. Michezo 17 tuliyoshinda na 65 tuliyopoteza ndio msimu mbaya kuliko yote katika historia ya timu yetu ya Jazz, na heshima hiyo tumeitafuta kwa jasho, wazima wakipumzishwa na wagonjwa wakipumzishwa zaidi. Mwisho wake tumepewa namba tano, nafasi ya chini kabisa ambayo timu ya mwisho inaweza kuangukia. Huyo Ribaundi analia kwa namba sita kana kwamba aliahidiwa. Akae kwenye foleni nyuma yetu.

RibaundiMbili

Shangazi, kwa heshima zote, tofauti yetu ni mchezo mmoja, na sisi pia tumeangushwa hadi nafasi ya chini kabisa tuliyoweza kuangukia. Wewe kadi yako ilipofunguliwa ulikuwa umekwisha kuoneshwa ya kwetu, ukapata muda wa kujiandaa. Sisi tulipigwa bila kuonywa.

MkuuWaUpanga (Dar es Salaam)

Mnajisumbua kwa namba wakati namba si kitu. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet wetu alichukuliwa wa pili na Memphis, tukakesha tukishangilia nchi nzima. James Harden akaja wa tatu. Stephen Curry akaja wa saba. Nafasi haichezi mpira, mchezaji ndiye anayecheza. Tulizeni mioyo.

RibaundiMbili

Asante sana kwa faraja, mkuu. Naomba uniambie mwaka huo huo wa 2009 ni nani aliyechukuliwa wa sita.

MkuuWaUpanga

Jonny Flynn.

RibaundiMbili

Nashukuru. Sina swali lingine.

KitabuChaHesabu

Damian Lillard alikuwa wa sita mwaka 2012. Nalisema hili kwa sababu ya haki tu, sitegemei mtu asikilize.

MjaneWaLuka (Dallas, Texas)

Naona mnatutaja, basi na mimi niseme. Kwanza, asithubutu mtu kunipongeza. Nimepigiwa simu na watu ambao hawajanipigia tangu Februari, wote wanacheka, wote wananiambia nimebahatika. Mimi sikuomba bahati. Nilikuwa na mchezaji wa miaka 25 aliyetufikisha fainali, nikalala, nikaamka hayupo, na hadi leo hakuna aliyenieleza sababu inayoingia akilini. Sasa nimepewa kijana wa miaka 18 na kuambiwa ninyamaze.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yule aliyeifanya biashara ile, ambaye uwanja mzima ulikuwa ukiimba afukuzwe, kesho atatembea kifua mbele kana kwamba alipanga. Hakupanga chochote! Mwezi uliopita tulikwenda Memphis kugombea nafasi ya mwisho ya mtoano, tukafungwa, na laiti tungeshinda usiku ule tusingekuwa hata na mchanganyiko mmoja kwenye bahati nasibu. Tumefika hapa kwa kushindwa kufanya kile tulichokuwa tunajaribu kukifanya. Mwenye kuiita hii njama hajawahi kuitazama timu yangu ikilinda goli.

ShangaziSaltLake

Mjane, mwanangu, kama humtaki huyo kijana, sisi tuna nafasi ya tano hapa, safi kabisa, haijatumika. Tubadilishane leo leo.

MjaneWaLuka

Shangazi, nimesema nina huzuni, sijasema nimerukwa na akili.

FahaliMchovu (Chicago)

Wote mlioandika hapo juu mnalia kwa kukosa kitu ambacho hamkuwahi kukishika. Sisi Chicago tulikishika. Sisi na Dallas tulimaliza msimu sawa kabisa, ushindi 39 na kufungwa 43, na mwezi wa nne ligi ikapiga kura ya kutenganisha nani awe wa 11 na nani awe wa 12. Dallas wakashinda kura ile. Kwa kuwa michanganyiko hugawiwa kwa kufuata mpangilio huo, ule uliotoka jioni hii ungekuwa wetu kama kura ingeangukia upande wetu. Flagg alipaswa kuwa Chicago. Na sherehe yenyewe ikaja kufanyikia hapa hapa Chicago, nyumbani kwetu, ili tusilazimike kusafiri kwenda kuona tunavyoibiwa.

BahashaBaridi

Kura mbili katika mwezi mmoja, zote zimeangukia Dallas. Mimi nimekaa kimya tu.

KitabuChaHesabu

Fahali, nyinyi mwaka 2008 mlimpata Rose kwa asilimia 1.7, pungufu hata ya hii ya Dallas. Mwaka ule sikumbuki ukidai ukaguzi.

FahaliMchovu

Mwaka 2008 ilikuwa bahati. Hii ni tofauti.

RibaundiMbili

Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mada ni Yule Bwana na kadi ya namba sita. Nimeitazama video tena, na ninaweza kuapa kwamba kabla hajaigeuza alitazama kwanza upande wa watu wa Dallas.

MkuuWaUpanga

Fahali, hiyo kura ya kutenganisha ilioneshwa kwenye televisheni, au nayo ilikuwa chumbani?

NguruYaOklahoma (Oklahoma City)

Samahani kwa kuchelewa, lakini kuna dhuluma ambayo hakuna aliyeigusa. Nafasi ya Philadelphia ya mwaka huu ilikuwa na masharti: wakibaki ndani ya sita bora wanaitunza, wakishuka hadi namba saba au chini zaidi inakuja kwetu. Uwezekano wa kuipata ulizidi theluthi moja. Nimeketi nikiwaombea washuke, badala yake wamepanda hadi namba tatu. Nani atatufidia sisi?

ShangaziSaltLake

Mwanangu, timu yako imeshinda michezo 68 msimu huu.

NguruYaOklahoma

Ndiyo, Shangazi, lakini tungekuwa na ile nafasi pia.

MjaneWaLuka

Huyu atolewe.

FahaliMchovu

Naunga mkono atolewe. Mmeshinda 68, mmefungwa 14, mko katikati ya mtoano hivi sasa, na unakuja kuomba rambirambi kwa watu wenye ushindi 17?

KitabuChaHesabu

Hesabu inamuunga mkono kidogo, ila nakubali atolewe.

NguruYaOklahoma

Nyinyi ndio mnaosema ligi inapendelea miji mikubwa. Oklahoma City ni mji mdogo mbele ya Chicago au Dallas, na tumenyimwa. Mbona hilo halihesabiwi kuwa njama?

BahashaBaridi

Endelea, kijana. Nafasi hiyo ya Philadelphia mliipataje hasa, na nani alisaini?