Ati "keti chini, msanii"?! Mbele ya mui mzima?!

Jamani nimekaa tangu alfajiri najiambia usiandike, usiandike. Naandika.

Mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Yule yule wa maiki. Yule ambaye harusi haianzi mpaka akohoe mara tatu na kusema "testi, testi", mwenye kofia ya mkono ambayo haijaona sabuni tangu Weah wa Liberia anacheza Monaco.

Jana usiku, nyuma ya ngome hapa Lamu, si kulikuwa na maswali ya mpira? Kiingilio shilingi hamsini, zawadi haluwa kilo mbili. Na hiyo haluwa niliiona kwa macho yangu haya mawili. Iko mezani, ufuta umetapakaa juu, mafuta yamepenya karatasi mpaka unaona meza kwa chini. Nikasema hii ni yangu, namalizia tu taratibu za kisheria.

Nikafika mwisho. Tumebaki wawili, mimi na kijana mmoja wa mtaa wa Mkomani ambaye tangu saa mbili anabahatisha. Akiulizwa chochote kile anasema Drogba. Na mara mbili ikawa kweli ni Drogba (mchezaji bora wa Afrika 2006 na 2009, haki yake nampa).

Swali la mwisho: mchezaji wa kwanza kabisa kutangazwa mchezaji bora wa Afrika ni nani?

Mimi nikacheka moyoni. Swali hilo la kuniuliza mimi? Nikaweka kikombe cha kahawa chini, nikasimama, nikasema bila haraka: Salif Keita, wa Mali, mwaka 1970.

Kimya. Yule bwana akaisogeza maiki mdomoni mpaka ikapiga mluzi, akasema:

"SALIF KEITA NI MWIMBAJI! KETI CHINI, MSANII!"

Watu walicheka mpaka mmoja akaanguka barazani. Punda alilia. Wallahi punda alilia.

Jamani, Salif Keita wako WAWILI. Wote wa Mali. Mmoja anaimba, mwingine alikuwa anafunga mabao Saint-Étienne, na msimu wa 1970/71 alitia 42 kwenye ligi ya Ufaransa. Arobaini na mawili! Aliyafunga kwa gitaa?

Mimi nikafungua mdomo nieleze. Hana habari na mimi. Amemgeukia kijana wa Mkomani, kijana akasema "Weah". (Angalau si Drogba.) Yule bwana akatoa karatasi mfukoni, kipande cha pakiti ya sigara, akasoma: "Sahihi! Weah, 1995!"

1995!! Hiyo ya 1995 ni tuzo ya Ulaya, Ballon d'Or yenyewe, mwaka ambao kwa mara ya kwanza walimruhusu asiye wa Ulaya kuichukua ilimradi anacheza Ulaya. Weah kweli ni Mwafrika wa kwanza kuipata, na mpaka leo hakuna wa pili. Lakini si ndilo swali lililoulizwa! Ya Afrika Weah aliipata kwanza 1989. Kabla yake walishapita akina Ibrahim Sunday wa Ghana, N'Kono kipa wa Kameruni mara mbili, Milla, El Khatib wa Ahly, na Kalusha wa Zambia mwaka 1988 alipoitia Italia matatu peke yake kule Olimpiki ya Seoul. Wote hao walikuwa bendi?

"Keti chini, msanii." Mimi! Mtu mwenye watoto wanne!

Sikuketi. Niliondoka.

Leo asubuhi natoka kununua mkate wa mofa, mtoto wa darasa la pili ananipisha njiani kwa adabu kabisa: "Shikamoo, msanii." Ameniamkia vizuri, sasa nimpigie nini?

Nataka haluwa yangu. Au nusu.

——

Mtu wa Langoni: Shikamoo, msanii.

Punda Mchovu: Nilikuwepo, na punda ni wangu. Hakukucheka. Alikuwa na njaa.

Bintishela: Kwani ulikuwa lazima usimame? Wenzako wote walijibu wameketi. Weye umesimama, umeweka mkono kifuani, sote tulidhani unaanza kuimba 😂😂

Msanii asiye na bendi *(amebadilisha jina baada ya uzi kuanza)*: Aliyenibadilishia jina hapa nitamjua leo hii.

Nahodha Mstaafu: Mwanangu, pole. Hao vijana hawajui. Sisi Keita tulikuwa tukimsikia redioni. Kuna kile kisa chake cha mwaka 1967, ameshuka uwanja wa ndege wa Orly, Paris, hakuna wa kumpokea. Akaingia kwenye teksi akamwambia dereva: Saint-Étienne. Hiyo ni safari ya kilomita mia tano ushei! Klabu ndiyo iliyolipa. Mtu wa namna hiyo humwiti msanii.

Mtu wa Langoni: Kilomita mia tano kwa deni? Mimi juzi kuvuka tu kutoka Mokowe nimepungukiwa shilingi kumi, nimeshushwa na mzigo wangu.

Bintishela: Uliposhushwa ulikuwa umevaa nini? Maana wakikuona na begi la magurudumu hukutajia nauli ya mgeni.

Tanga Raha: Wakenya mnagombania tuzo ambayo hamjawahi hata kuinusa. Sisi tuna Samatta, bora wa Afrika 2015.

Punda Mchovu: Bora kwa wanaocheza ndani ya Afrika. Malizia sentensi. Ile kubwa mwaka huo alichukua Aubameyang.

Tanga Raha: Ndani ya Afrika kwani si Afrika? Alikuwa Mazembe ya Kongo, kabeba Ligi ya Mabingwa na kafunga magoli saba. Wenu alifunga mangapi?

Mtu wa Langoni: 3-2. Kombe la Afrika. Cairo. 2019. Tena siku hiyo kocha wenu alikuwa Amuneke, mchezaji bora wa Afrika 1994, na bado tuliwafunga. Lala salama.

Mwalimu wa Zamu: Samahani wakubwa, naomba tuweke jambo hili sawa. Tuzo ya 1970 ilikuwa ya gazeti la Ufaransa, France Football. Haikuwa ya CAF, shirikisho la soka la Afrika. CAF walianza yao 1992 na wa kwanza wao ni Abedi Pele. Zikaenda sambamba miaka mitatu na zikagongana: 1993 gazeti lilimpa Abedi Pele, CAF wakampa Yekini; 1994 gazeti likampa Weah, CAF Amuneke. Kwa hiyo "mchezaji bora wa Afrika wa kwanza" inategemea unauliza ya nani. Kwa CAF jibu la Weah ni kosa, na jibu la Keita pia ni kosa. Mlikosa wote wawili. Haluwa ilipaswa kurudi dukani.

Punda Mchovu: 😂😂😂 KETI CHINI, MSANII

Msanii asiye na bendi: Mwalimu weye ni nduguye yule? Kila orodha duniani inaanza na Keita! Kila orodha! Swali halikusema CAF. Lilisema "wa kwanza kabisa". KABISA. Neno hilo lina maana yake.

Nahodha Mstaafu: Katika hilo la kabisa nipo na kijana.

Mtu wa Langoni: Umenuna kama Yaya Touré alipopigwa na Aubameyang kwenye kura za 2015, 143 kwa 136. Yaya angalau alikuwa na nne nyumbani. Weye una ngapi?

Okocha Milele: Na mimi nina langu la miaka ishirini. Okocha hajawahi kupewa ya CAF HATA MOJA. El Hadji Diouf anazo mbili. Mbili! Nikikumbuka siwezi kumaliza chakula.

Tanga Raha: Okocha alipata ya BBC, 2003 na 2004.

Okocha Milele: Sikuuliza ya BBC.

Bintishela: Mnashindana Keita na Weah, hamna aliyemtaja Oshoala wa Nigeria, mchezaji bora wa Afrika upande wa wanawake mara sita. Sita, yaani kumpita Eto'o na Yaya wenye nne nne. Ila mtamkumbukia wapi? Jana wanawake sote tuliwekwa nyuma kule tukikaanga viazi karai, maswali tukiyasikia kupitia moshi. Jibu la Keita nililijua mimi. Hakuna aliyeniletea maiki.

Punda Mchovu: Viazi vilikuwa vizuri lakini.

Bintishela: Hukulipa.

Malindi Kwetu: Lamu mnazozana kwa haluwa? Huku Malindi mshindi hupewa mbuzi.

Mtu wa Langoni: Mbuzi wenu tunamjua. Anapewa mshindi Ijumaa, Jumapili anaonekana kwa mwenyewe.

Drogba wa Mkomani: Ami, mimi ndiye kijana mwenyewe. Niwieni radhi. Kwanza Weah nilibahatisha, sikatai. Pili haluwa imekwisha jana hiyo hiyo, tulikuwa tisa. Na tatu, haikuwa kilo mbili. Tuliipeleka dukani tukaipima na karatasi yake: kilo moja na robo.

Nahodha Mstaafu: Kilo moja na NINI?

Okocha Milele: Subiri. Kiingilio hamsini, watu walijaa mpaka ngazini, haluwa ni kilo moja na robo. Hesabu haiji.

Bintishela: Na mafuta ya viazi nilinunua mimi, niliambiwa nitarudishiwa.

Mwalimu wa Zamu: Mizani ya duka gani? Kuna moja pale njia kuu inaanza kuhesabu kabla hujaweka kitu.

Drogba wa Mkomani: Hiyo hiyo.

Mtu wa Langoni: Basi ilikuwa kilo moja! 😂 Mimi pale nilinunua sukari, kufika nyumbani mke wangu ananiuliza nimeila njiani?

Nahodha Mstaafu: Mizani zamani zilikuwa za mawe, ukiliona jiwe unajua unaibiwa kiasi gani. Hizi za betri hata mwizi mwenyewe hajui.

Msanii asiye na bendi: Tulikuwa tunazungumzia maiki na lile neno.

Punda Mchovu: Mafuta ya viazi yalikuwa lita ngapi, dada?

Bintishela: Tano. Na viti vya plastiki niliazima kwa jirani, vile vya bluu. Vilitoka ishirini, vimerudi kumi na tisa. Tangu asubuhi nasemwa mlangoni. Mwenye kimoja akirudishe, sitamtaja.

Drogba wa Mkomani: Dada, mimi nilimwona mtu akiondoka nacho. Aliambiwa aketi, akakataa, akakibeba kiti akaenda nacho.

Mtu wa Langoni: 😂😂😂😂😂

Nahodha Mstaafu: Mwanangu?

Msanii asiye na bendi: Kiko barazani kwangu. Nitakirudisha nikiletewa haluwa. Kilo moja na robo, sitaki zaidi.