Ulinganisho: mashine ya kuvuta, Raman au eksirei kwa kupima mkazo na ukakamavu wa nyuzi?

Msokota_Nyuzi:
Wanajukwaa, salaam. Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu resini ya epoksi inayoimarishwa kwa nyuzi, na nina aina mbili mkononi: Kevlar 49 (uzi wa kiwandani ulio imara sana) na mkonge. Nahitaji kujua ukakamavu wa uzi mmoja mmoja, na pia jinsi mkazo unavyosambaa katika uzi ambao tayari umezama ndani ya resini. Idara yetu ina mashine ya kuvuta, chuo jirani kina spektromita ya Raman (kifaa kinachomulika sampuli kwa leza na kuchambua mwanga unaorudi), na msimamizi wangu ametaja eksirei. Muda wangu unatosha kujifunza njia moja vizuri, labda mbili. Nianze na ipi?

Bi_Maabara:
Ndugu, anza na mashine ya kuvuta, kwa sababu njia nyingine zitakurudisha hapo hapo. Bandika uzi kwenye fremu ya karatasi, ibane fremu kwenye mashine, kata pande zake mbili, kisha vuta. Uwe mwangalifu na kipenyo: uzi wa Kevlar una takriban mikromita 12, na kwa kuwa eneo la mkato hutegemea kipenyo kikizidishwa chenyewe, kosa la asilimia 5 hapo huzaa kosa la takriban asilimia 10 katika moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu. Vilevile mashine na gundi hunyumbuka kidogo, jambo linaloufanya uzi uonekane laini kuliko ulivyo. Ndiyo maana tunapima nyuzi za urefu tofauti ili tuutoe mchango huo. Mkonge utakusumbua zaidi, maana mkato wake si duara na ndani una matundu.

Mtafiti_Spektra:
Namuunga mkono Bi Maabara kuhusu mwanzo, lakini mashine hiyo haiwezi kulijibu swali lako la pili hata kidogo, na hapo ndipo Raman haina mbadala rahisi. Uzi unapovutwa, vifungo vya molekuli zake hurefuka na mitetemo yake hupungua kasi, kwa hiyo vilele vya spektra (mchoro wa mwanga unaorudi, ambao mhimili wake hupimwa kwa cm⁻¹) husogea kuelekea namba ndogo. Kwa Kevlar 49, kilele kilicho karibu na 1610 cm⁻¹ hushuka kwa takriban 4 cm⁻¹ kwa kila asilimia moja ya urefukaji. Kwanza unavuta uzi ukiwa hewani ili upate mstari wa rejea. Baadaye unauzamisha katika resini angavu, unaivuta sampuli nzima, na unapitisha nukta ya leza yenye upana wa mikromita moja au mbili kutoka ncha ya uzi kuelekea katikati. Utaona mkazo ukianza karibu na sifuri penye ncha, ukipanda, kisha ukitulia. Mteremko wa mpando huo ndio hazina: ukiuzidisha kwa robo ya kipenyo cha uzi, unapata mkazo wa mkwaruzano (ule unaovuta sambamba na uso, kiingereza shear stress) pale uzi na resini vinaposhikana.

Jambo moja lisisahaulike. Raman haikupi moduli kutoka sifuri. Katika nyuzi za jamii moja, kama za kaboni, uzi mkakamavu zaidi huonyesha msogeo mkubwa zaidi kwa asilimia ileile ya urefukaji, hivyo unaweza kulinganisha. Lakini namba ya kwanza lazima itoke kwenye mashine.

Mkonge_Tanga:
Kwa mkonge, kilele cha kufuatilia ni kile cha selulosi kilicho karibu na 1095 cm⁻¹. Mimi nilianza na leza ya kijani, na mng'ao wa lignini (dutu inayoshikilia nyuzi za mimea pamoja) ukafunika kila kitu. Leza ya nanomita 785 ilisaidia sana. Punguza nguvu ya leza pia. Joto nalo hushusha vilele, na nilikaa wiki mbili nikiamini kwamba nimepima mkazo, kumbe nilikuwa nauchoma uzi. Hakikisha vilevile kwamba mwelekeo wa mtetemo wa mwanga uko sambamba na mhimili wa uzi.

Mhandisi_Miundo:
Kuhusu eksirei nitasema machache. Inapima urefukaji wa fuwele (sehemu za uzi ambazo molekuli zake zimejipanga kwa utaratibu) peke yake, si wa uzi mzima, na moduli ya fuwele huwa juu ya ile ya uzi. Kwa uzi mmoja mwembamba utahitaji sinkrotroni (mtambo mkubwa unaotoa eksirei kali sana), nayo Afrika haina hata moja. Iache.

Msokota_Nyuzi:
Nashukuru sana. Basi nitavuta nyuzi za Kevlar kwanza, kisha niombe zamu ya spektromita, na mkonge utafuata. Je, nitajuaje kwamba kilele kimesogea kwa sababu ya mkazo, wala si kwa sababu ya kifaa chenyewe?

Mtafiti_Spektra:
Pima kipande cha silikoni kabla na baada ya kila mfululizo wa vipimo. Kilele chake kiko karibu na 520.5 cm⁻¹. Kikihama kati ya vipimo hivyo viwili, rudia kazi ya siku hiyo, hata kama imekuchukua saa nane.