Naombeni ushauri: chuo nilichosoma Marekani kinaniomba nichangie michezo, nitoe au nisitoe?

Kijiti_cha_Nne (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo, hasa kwa mliosoma Marekani na bado mnaishi huku.

Nilikuja chuoni kwa skolashipu ya riadha. Nilikimbia mbio za nyika na mita 5,000, chuo kikanilipia ada, bweni na chakula mpaka nikamaliza uhandisi. Bila ile skolashipu shahada hii nisingekuwa nayo, kwa hiyo jambo hili nalibeba moyoni. Sasa nina kazi nzuri, na ofisi ya michezo ya chuo inanipigia simu mara kwa mara. Wanataka nitie saini ahadi ya dola 1,000 kwa mwaka, kwa miaka 3, ziingie kwenye mfuko mkuu wa michezo.

Kinachonikwamisha ni hicho "mfuko mkuu". Nikifuatilia habari naona fedha nyingi zinaishia kwenye futiboli ya Kimarekani. Novemba 2023 Texas A&M walimfukuza kocha wao wa futiboli, Jimbo Fisher, na mkataba ukawabana wamlipe zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke. Sicho chuo changu, lakini kilichotokea pale kinanifanya nijiulize dola zangu zitafanya kazi gani. Bajeti ikibana, timu zinazoguswa mapema ni riadha, kuogelea, tenisi na nyingine zisizoingiza hela za runinga.

Mke wangu alisoma chuo hichohicho ila hakuwa mwanamichezo. Yeye anasema kama ni kutoa, tutoe kwenye skolashipu za kitaaluma. Wale niliokimbia nao wamegawanyika: wapo wanaotoa kila mwaka, na wapo waliokataa katakata. Nisaidieni kufikiri.

Shabiki_Damu

Mkuu, toa. Kuna mhitimu ambaye hukuwahi kumwona, alitoa chake ili wewe ukimbie.

Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State. Suleiman Nyambui alipita chuo cha Texas pale El Paso, akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 Olimpiki ya 1980. Hasheem Thabeet alicheza kikapu Connecticut, mwaka 2009 akachaguliwa wa 2 kuingia NBA. Vijana wetu wamepata njia hii kwa sababu vyuo vya huko vinathamini michezo na kuna watu wanailipia. Sisi tuliofaidika tukikaa pembeni, nani atamlipia anayefuata?

Mama_Nuru

Kaka yangu, mimi niko upande wa shemeji. Binti yangu yuko chuo cha umma huku Marekani. Kwenye malipo yake kuna ada ya michezo, apende asipende, na mechi haendi. Vyuo vingi vinafanya hivyo, kwa sababu idara za michezo zinazojitegemea zenyewe ni chache mno. Zilizobaki zinajazwa na ada za wanafunzi na bajeti ya chuo. Mtoto anakopa ili asome, halafu sehemu ya mkopo inaenda uwanjani. Nikiwa na dola 1,000 ya kutoa, namtafutia mwanafunzi anayekaribia kuacha masomo kwa kukosa ada. Sitaki kuwakosea heshima wanamichezo, nawapenda, ila hapo ndipo nilipo.

Mhasibu_wa_Zamu

Mleta uzi, nafanya kazi ya kodi huku Marekani, wacha nichangie kwa upande wangu.

Simu hizo zina sababu. Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kesi ya wanamichezo, House dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani. Kuanzia Julai 1, 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na kiwango cha juu kwa mwaka wa kwanza ni takriban dola milioni 20.5 kwa chuo. Chuo kikiamua kulipa, hela hiyo lazima itoke mahali, na wahitimu ni sehemu mojawapo wanayoigeukia. Kwa hiyo swali lako kuhusu mfuko mkuu ni la haki kabisa. Waulize kwa maandishi: mfuko huu unalipa nini, na je, unaingia kwenye malipo hayo?

Kuhusu kodi. Zamani, ukitoa mchango ili upate haki ya kununua tiketi nzuri za msimu, asilimia 80 ya mchango ulikuwa unaikata kwenye kipato kinachotozwa kodi. Sheria ya mwaka 2017 ilifuta hilo kuanzia 2018. Wakikuambia "toa upate pointi za tiketi", ujue nafuu ya kodi haipo kwenye mchango wa namna hiyo. Halafu kuna vile vikundi vya wafadhili vinavyowalipa wachezaji kwa matumizi ya majina na sura zao, vilivyochipuka baada ya NCAA kulegeza masharti Julai 2021. Mamlaka ya kodi, IRS, ilitoa waraka Juni 2023 ikisema vingi havistahili hadhi ya taasisi ya hisani. Usichanganye mchango wa chuo na mchango wa vikundi hivyo.

La kukufaa zaidi: kuanzia mwaka wa kodi wa 2026, hata wanaotumia makato ya kawaida (kiasi maalum kinachopunguzwa kwenye kipato bila kuorodhesha matumizi) wanaruhusiwa kukata michango ya fedha taslimu hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja, au 2,000 kwa wanandoa wanaowasilisha pamoja. Wewe na mkeo mnaingia humo.

Na usitie saini ya miaka 3 sasa. Ahadi ya maandishi kwenye baadhi ya majimbo inaweza kukubana kisheria. Toa mwaka kwa mwaka.

Nahodha_Mstaafu

Mimi niliogelea, na nakubaliana na Mhasibu. Taja mchezo wako kwa jina. Mchango wenye masharti, "kwa riadha na mbio za nyika tu", unafungua akaunti tofauti.

Lakini usiridhike hapo, kwa sababu kuna ujanja wa hesabu. Ukiweka dola 1,000 kwenye riadha, ofisi inaweza kupunguza dola 1,000 kwenye bajeti waliyokuwa wakiipa riadha. Timu haijaongezewa chochote, na wewe umeilipia futiboli kwa mlango wa nyuma. Dawa yake ni kuangalia mwenendo wa miaka kadhaa. Wizara ya Elimu ya Marekani inaweka hadharani taarifa za kila mwaka za vyuo, mapato na matumizi mchezo kwa mchezo. Fungua ya chuo chako. Ukiona matumizi ya riadha yanashuka huku wahitimu wanachangia, una jibu.

Omba pia kipengele kimoja: timu ikifutwa, fedha ziende wapi. Julai 2020 Stanford walitangaza kufuta michezo 11. Wahitimu walijipanga kwa pamoja, wakaahidi fedha, wanafunzi wakafungua kesi, na Mei 2021 chuo kikarudisha michezo yote. Mhitimu mmoja mwenye dola 1,000 hasikilizwi sana. Mkiwa wengi wenye sharti moja mnasikilizwa. Watafute hao wenzako waliogawanyika.

Shabiki_Damu

Nahodha, nakuunga mkono kwa sehemu. Ila mfuko mkuu nao una watu wake. Wanaofunga vifundo vya miguu, walimu wa ziada wanaosafiri na timu wakati wa mitihani, daktari wa michezo, hawa wanahudumia michezo yote. Kila mtu akifungia hela yake kwenye mchezo wake, hao watalipwa na nani?

Kijiti_cha_Nne

Hilo limenigusa. Kuna mwalimu wa hesabu wa ofisi ya wanamichezo aliyekaa nami jioni nyingi nikitoka mazoezini nimechoka, na nadhani alilipwa kutoka mfuko huohuo. Mhasibu, je, naweza kutaja huduma ya masomo ya wanamichezo badala ya mchezo?

Mhasibu_wa_Zamu

Unaweza. Vyuo vingi vina akaunti ya aina hiyo. Omba jina kamili na namba ya mfuko, uviandike kwenye barua yako ya mchango.

Mwanafunzi_wa_Takwimu

Nyongeza fupi. Wachumi Jonathan Meer na Harvey Rosen walichunguza michango ya wahitimu wa chuo kimoja. Wakakuta mwanamume aliyewahi kucheza, timu yake ya zamani ikitwaa ubingwa wa ligi yao, huongeza mchango kwa takriban asilimia 7, kwa michezo na hata kwa matumizi ya jumla ya chuo. Kwa hiyo, dada Mama Nuru, hela ya michezo na ya taaluma si lazima zinyang'anyane. Mtu akiipenda timu yake, chuo kizima kinaweza kunufaika.

Mama_Nuru

Nimekusoma. Bado nataka ada ya michezo itolewe kwenye malipo ya mwanangu, lakini mchango wa hiari wa mtu aliyenufaika sina ugomvi nao.

Kijiti_cha_Nne

Ahsanteni sana wote. Tumezungumza nyumbani tukaafikiana. Ahadi ya miaka 3 nimeikataa. Dola 500 tutaweka kwenye huduma ya masomo ya wanamichezo, na 500 kwenye skolashipu ya kitivo cha uhandisi, kwa mwaka huu. Riadha nitaichangia nikishaona hesabu za matumizi na jibu la maandishi kuhusu timu kufutwa. Wale wenzangu nimeshawaandikia. Wawili wamekubali tuulize kwa barua moja. Kama kuna mwenye mfano wa barua ya mchango wenye masharti, naomba aniwekee hapa.